Kugombea Bodi ya Shule Minnesota: Mwongozo Kamili kwa Wazungumzaji wa Kiswahili

Katika jimbo la Minnesota, Marekani, ada ya kugombea bodi ya shule ni dola 2. Huhitaji chama kukuteua wala shahada yoyote, na raia wa kuandikishwa ana haki sawa na aliyezaliwa humo. Mwaka 2024 Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo akitokea Brooklyn Park, kwa hiyo mlango wa siasa si mgeni tena kwa watu wetu. Bodi ya shule ndiyo ngazi iliyo karibu zaidi na mzazi. Inapanga bajeti, inaajiri mkuu wa shule zote za wilaya, na inaamua mtoto wako asomeshwe kusoma kwa mtaala upi.

Wagombea wengi wapya hushindwa kabla ya siku ya kura. Hawashindwi kwa sababu ya lafudhi. Fomu imechelewa, pesa zimetoka mahali pasiporuhusiwa, au wamehesabu umati wa ukumbini wakidhani ni kura. Mambo hayo matatu ndiyo tunayoyatilia mkazo hapa. Tarehe tulizotoa ni za uchaguzi wa Novemba 3, 2026. Wilaya nyingine hupiga kura miaka ya witiri, mfano 2027. Huko idadi ya siku za kuhesabu ni ile ile, tarehe ndizo zinazobadilika.

Ujue kiti chako kabla ya kumwambia mtu yeyote

Wilaya ya shule na mji ni vitu viwili tofauti, na mipaka yao haifuatani. Brooklyn Park imegawanywa kati ya wilaya tatu za shule: Osseo, Anoka-Hennepin na Robbinsdale. Brooklyn Center, mji mdogo zaidi, umo ndani ya wilaya nne. Majirani wawili wanaosali kanisa moja wanaweza kuwa wapiga kura wa bodi mbili tofauti. Ukitangaza ugombea kwenye kundi la WhatsApp la "Wakenya wa Brooklyn Park" bila kujua hili, nusu ya watakaokushangilia huenda wasilione jina lako kwenye karatasi yao ya kura.

Ingia tovuti ya Katibu wa Jimbo la Minnesota, ofisi inayosimamia uchaguzi, weka anwani yako, na itakuonyesha wilaya yako ya shule na kituo chako cha kupigia kura. Wenye nyumba wanaweza pia kutazama hati ya kodi ya nyumba, kwani jina la wilaya ya shule huandikwa humo. Kisha mpigie karani wa wilaya ya shule, umuulize mambo manne: viti vingapi viko wazi mwaka huu, uchaguzi ni wa mwaka gani, kuna uchaguzi wa mchujo (kura ya awali ya kupunguza wagombea) au hakuna, na wajumbe huchaguliwa na wilaya nzima au kwa maeneo.

Bodi ya kawaida ina wajumbe 6, na nyingine zina 7. Minneapolis ina 9: sita wa maeneo na watatu wa mji mzima. Muhula ni miaka minne. Viti huwa havimaliziki kwa pamoja, kwa hiyo mara nyingi utakuta viti vitatu au vinne vinagombewa kwa mkupuo. Anoka-Hennepin huchagua kwa maeneo. Kwingine kila mpiga kura wa wilaya anaweza kukuchagua, hata anayeishi kilomita ishirini kutoka kwako. Jibu la swali hili la nne ndilo litakaloamua kampeni yako yote, na tutalirudia kwenye hesabu.

Kazi yenyewe, na usichoweza kuahidi

Mjumbe mmoja hana mamlaka yoyote akiwa peke yake. Hawezi kumfukuza mwalimu, kumhamisha mtoto shule, wala kumwagiza mwalimu mkuu jambo lolote. Bodi hutenda kwa kura, ndani ya mkutano ulio wazi kwa umma. Inamwajiri suprintendenti, yaani yule mkuu wa shule zote za wilaya, kwa mkataba usiozidi miaka mitatu kwa mara moja, inapitisha bajeti kabla ya Julai 1 mwaka wa fedha unapoanza, inaidhinisha kodi ya nyumba inayokwenda shuleni, inapitisha sera, na inakubali au inakataa mkataba na chama cha walimu. Kazi ya kila siku ni ya suprintendenti.

Kwa hiyo usimwahidi mama aliyekasirika kwamba utamwondoa mwalimu fulani. Mwambie unachoweza kweli: kuuliza hadharani kwa nini wakalimani wa Kiswahili hawapatikani kwenye mikutano ya wazazi, kudai takwimu za watoto wanaojifunza Kiingereza zitolewe shule kwa shule, na kupiga kura dhidi ya bajeti inayopunguza walimu wao.

Soma kabla ya kusema. Wilaya huweka mtandaoni kumbukumbu za mikutano, bajeti na ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Soma kumbukumbu za miezi 12 iliyopita, na uhudhurie angalau mikutano mitatu ukiwa na daftari. Andika kila kura iliyogawanyika, nani alisimama wapi na kwa hoja gani. Ukimaliza utakuwa unaifahamu wilaya kuliko wapinzani wengi.

Kuna mada moja ambayo mgombea wa jamii yetu anaweza kuieleza vizuri kuliko mtu mwingine. Tangu sheria ya mwaka 2023, watoto wa Minnesota hula shuleni bure bila kujali kipato cha wazazi. Wazazi wengi wakaacha kujaza fomu ya kipato wakiona haina kazi tena. Fomu ile bado ina kazi: idadi ya watoto wanaostahili kwa kipato huingia katika hesabu ya fedha za ziada ambazo jimbo huzipa shule. Fomu isiyojazwa inaweza kumaanisha mwalimu msaidizi aliyekosekana. Eleza hivyo mlangoni, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na mtu atajua unafahamu unachokisema.

Sifa

Lazima uwe raia wa Marekani mwenye haki ya kupiga kura Minnesota, uwe na miaka 21 au zaidi siku utakayoshika nafasi, na uwe umeishi ndani ya wilaya kwa siku 30 kabla ya uchaguzi. Aliyehukumiwa kwa makosa yanayomlazimu kujiandikisha kama mkosaji wa ngono haruhusiwi. Tangu Juni 2023, mtu aliyewahi kufungwa kwa kosa kubwa hurudishiwa haki ya kupiga kura akiwa nje ya gereza, hata kama bado yuko chini ya uangalizi. Usimwondoe mtu kwenye orodha yako kwa dhana.

Kama umeajiriwa na wilaya hiyo hiyo, hata kwa saa chache za basi au jikoni, muulize karani kwanza. Sheria inaweka kikomo cha kipato ambacho mjumbe anaweza kukipata kama mwajiriwa wa wilaya.

Jambo zito kuliko yote katika sehemu hii: mwenye kadi ya kijani hagombei wala hapigi kura. Asiye raia akijiandikisha au akipiga kura, hata kwa kutojua, anaweza kuipoteza njia ya uraia na kufukuzwa nchini. Waambie hivyo wanaojitolea kwako kabla hawajashika fomu ya kuandikisha mtu yeyote. Swali la kwanza mlangoni liwe "Je, wewe ni raia?", tena liulizwe kwa upole, na jibu la "bado" liheshimiwe papo hapo.

Fomu na tarehe zake

Fomu inaitwa hati ya kiapo ya ugombea. Huipeleki kaunti wala kwa Katibu wa Jimbo. Inakwenda kwa karani wa wilaya ya shule.

Katika wilaya isiyo na mchujo, dirisha hufunguliwa siku 98 kabla ya uchaguzi na kufungwa siku ya 84. Kwa 2026 ni Julai 28 hadi Agosti 11, saa 11 jioni. Katika wilaya yenye mchujo, mchujo wenyewe ni Agosti 11, na dirisha la fomu ni Mei 19 hadi Juni 2. Watu hukosea hapa kwa sababu rafiki wa wilaya jirani amewaambia "fomu ni Agosti" wakati kwao zilifungwa Juni. Hakuna rufaa ya kuchelewa. Saa 11 na dakika moja umeshatoka.

Nenda siku ya kwanza au ya pili. Beba kitambulisho na dola 2. Usitie sahihi nyumbani, kwani hati hii hutiwa sahihi mbele ya mthibitishaji au mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, na kwa kawaida ofisini kwa karani yupo. Fikiria mapema jina litakalochapishwa kwenye karatasi ya kura. Linatakiwa liwe jina lako halisi au lile unalojulikana nalo mtaani. Kama nyaraka zako zina majina manne na watu wanakujua kwa mawili, andika yale mawili, kisha yatumie hayo hayo kwenye kila bango. Jina la kwenye bango likitofautiana na la kwenye kura, unapoteza kura bila sababu.

Anwani na simu utakazoandika zitakuwa wazi kwa umma. Mwenye sababu ya kiusalama ya kuficha anwani aulize utaratibu wake kabla ya kujaza. Ukibadili nia, una siku mbili baada ya dirisha kufungwa kujiondoa, nako mwisho ni saa 11 jioni. Baada ya hapo jina lako linachapishwa upende usipende.

Hesabu kura, usihesabu umati

Chukua matokeo ya chaguzi mbili zilizopita za kiti kama chako, za mwaka wa aina ile ile. Usilinganishe mwaka wa uchaguzi wa rais au gavana na mwaka wa witiri, maana idadi ya wapiga kura hutofautiana mara kadhaa.

Tuseme viti ni vitatu na wilaya nzima inachagua. Aliyeshika nafasi ya tatu mara iliyopita alipata kura 6,000. Ongeza asilimia 15, lengo lako ni 6,900. Huhitaji kuwa wa kwanza. Unahitaji kumpita wa nne.

Sasa rudi kwa watu wako kwa uaminifu. Tuseme hafla ya jamii imejaza watu wazima 1,200. Ondoa wasio raia, wabaki 700. Ondoa wanaoishi nje ya wilaya yako ya shule, wabaki 400. Ondoa wasiojiandikisha, 250. Kati yao waliopiga kura mara iliyopita huenda ni 120. Namba hizi ni za mfano, lakini hivyo ndivyo orodha inavyosinyaa kila mara. Mia moja na ishirini ni msingi wa thamani kubwa. Ndio watakaokubebea vipeperushi, watakaokupikia chai na kukuchangia. Ila kura 6,780 zilizobaki zitatoka kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina lako wala la nchi yako. Panga muda wako kwa uwiano huo.

Katika kiti cha wilaya nzima, mpiga kura anaruhusiwa kuchagua hadi watatu, lakini halazimiki. Mtu anayekuunga mkono anaweza kukupigia wewe peke yako na kuacha nafasi nyingine wazi, na karatasi yake ni halali kabisa. Kura zake mbili nyingine haziendi kwa mpinzani anayekufuata nyuma. Waeleze watu wako hivyo waziwazi. Wengi hudhani wasipojaza zote kura itaharibika.

Waambie pia wageuze karatasi. Kiti cha bodi ya shule hukaa chini kabisa au upande wa nyuma, na watu wengi humaliza majina makubwa wakaondoka. Sentensi ya "geuza karatasi, tafuta bodi ya shule" inastahili kuwa kwenye kila ujumbe wa wiki ya mwisho.

Orodha ya wapiga kura huuzwa na ofisi ya Katibu wa Jimbo kwa mpiga kura yeyote aliyejiandikisha anayeitumia kwa siasa au uchaguzi. Inaonyesha nani alipiga kura mwaka gani. Haionyeshi alimpigia nani, na Minnesota haiandikishi wapiga kura kwa chama. Chuja wale waliopiga kura angalau mbili kati ya chaguzi nne za mwisho, hao ndio wa kuanza nao.

Pesa: hapa harambee inaweza kukuponza

Fungua akaunti ya benki ya kampeni, tofauti na yako. Benki nyingi zitadai namba ya mlipa kodi ya kikundi, ambayo mamlaka ya kodi ya Marekani huitoa bure mtandaoni. Teua mweka hazina ambaye si mwenzi wako wala pacha wako wa kila jambo. Unahitaji mtu anayeweza kukuambia hapana.

Mtu mmoja anaweza kukuchangia hadi dola 600 katika mwaka wa uchaguzi, au dola 1,000 kama wilaya ina wakazi zaidi ya 100,000. Mwaka usio wa uchaguzi kikomo ni dola 250. Vitu huhesabiwa kama pesa: aliyekuchapia vipeperushi vya dola 400 bure amekuchangia dola 400.

Sheria ya shirikisho inakataza mchango wowote kutoka kwa mtu asiye raia wa Marekani na asiye na kadi ya kijani, katika uchaguzi wowote, hata wa bodi ya shule. Mjomba wa Nairobi hawezi kukutumia kwa M-Pesa. Shangazi wa Bukavu au Dubai hawezi. Mkimbizi ambaye kadi yake ya kijani haijatoka hawezi, mwanafunzi mwenye viza hawezi, wala mwenye kibali cha kazi peke yake. Raia wa Marekani anayeishi Mombasa anaweza, kwa sababu kigezo ni hadhi yake, si mahali alipo. Wasioruhusiwa kutoa pesa wanaweza kujitolea nguvu zao bila malipo, kugonga milango au kutafsiri, mradi wasiwe wao wanaoamua pesa za kampeni zitumikeje.

Ndiyo maana kikapu cha kuzungushwa ukumbini hakifai. Noti ikishaingia kikapuni huwezi tena kusema imetoka kwa nani. Weka meza mlangoni yenye karatasi ya kujaza jina, anwani, mwajiri au kazi, kiasi, na kisanduku cha kutia alama: "Mimi ni raia wa Marekani au mkazi wa kudumu." Aliyetoa zaidi ya dola 100 kwa mwaka, taarifa hizo lazima ziingie kwenye ripoti yako. Chukua za kila mtu, hata wa dola 5, maana wa dola 5 hurudi mara nyingi na jumla yake ikavuka bila wewe kujua.

Kampuni haziruhusiwi kumchangia mgombea. Mgahawa uliosajiliwa kama kampuni ukikupa chakula bure kwa hafla yako, huo ni mchango wa kampuni. Lipa bei kamili, chukua risiti. Kama mwenye mgahawa anataka kusaidia, atoe kutoka mfukoni mwake, kwa jina lake, ndani ya kikomo. Kanisa au shirika la hisani nalo haliwezi kukupa pesa, wala ukumbi bure ambao wagombea wengine hawapewi.

Na wewe usilishe watu ili wakupigie kura. Chai na mandazi vya thamani ndogo vinavyoliwa pale pale mkutanoni havina tatizo. Mbuzi mzima wa kuchoma na bia kwa wapiga kura ni kosa la jinai, hata kama nyumbani ulikotoka ni desturi.

Siku kampeni inapopokea au kutumia zaidi ya dola 750 ndani ya mwaka mmoja, una siku 14 kupeleka ripoti ya kwanza kwa karani wa wilaya. Katika mwaka wa uchaguzi zinafuata ripoti siku 10 kabla ya mchujo kama upo, siku 10 kabla ya uchaguzi mkuu, na siku 30 baada yake. Kisha ni kila Januari 31 hadi utakapofunga hesabu. Mweka hazina aziandike tarehe hizo kwenye simu yake siku ile ile akaunti inapofunguliwa.

Karatasi na mabango

Kila kipeperushi, bango na tovuti lazima ionyeshe imeandaliwa na kulipiwa na nani. Maneno ya kisheria ni "Prepared and paid for by the", yakifuatiwa na jina la kamati na anwani. Kwenye karatasi, herufi zake zisiwe ndogo kuliko ukubwa wa 8. Hata kipeperushi cha Kiswahili kiwe na maneno hayo kwa Kiingereza. Mchapishaji hatakukumbusha. Watu wamelazimika kukaa usiku mzima wakibandika vibandiko elfu mbili kwa mkono.

Usiandike kwamba mtu fulani anakuunga mkono bila ruhusa yake ya maandishi. Ujumbe wa simu unaosema "ndiyo, tumia jina langu" unatosha kama umeuhifadhi. Maneno ya mzee uliyekunywa naye chai hayatoshi.

Agiza kadi ndogo za kugawa mlangoni kwanza, mabango baadaye. Kadi ziwe na picha yako, jina kama lilivyo kwenye kura, jina la wilaya, sentensi tatu, na tarehe ya kupiga kura. Kwa wilaya ya wastani, kadi 5,000 na mabango 150 ya uani ni mwanzo mzuri. Bango likae uani kwa mtu aliyekubali, si ukingoni mwa barabara ya umma, ambako huondolewa na ni kinyume cha sheria. Mwaka 2026, kuanzia Juni 26 hadi Novemba 13, mji hauwezi kukuzuia kwa kanuni zake za ukubwa au idadi ya mabango kwenye uwanja wa mtu binafsi.

Mlangoni

Mtu mmoja anayejitolea hugonga milango kama 15 kwa saa, na wastani wa mlango mmoja kati ya minne hufunguliwa. Watu 20, saa tatu kila Jumamosi, kwa Jumamosi nane: saa 480, milango 7,200, mazungumzo kama 1,800. Weka namba hizo kando ya lengo lako la 6,900, utaona kwa nini kampeni inaanza Agosti na si Oktoba.

Mazungumzo yawe ya dakika mbili. Jina lako, kiti, swali moja: "Una mtoto au mjukuu katika shule zetu?" Kisha nyamaza. Andika jibu ukishafika kwenye mlango unaofuata, pamoja na alama: 1 ni wako kabisa, 3 hajaamua, 5 ni wa mwingine. Wiki ya mwisho unarudi kwa namba 1 na 2 tu, kuhakikisha wamepiga kura.

Usiombe radhi kwa lafudhi. Punguza kasi, tamka jina lako mara mbili, endelea.

Nyumba za ghorofa ndiko wengi wetu tunakoishi na ndiko wagombea wengine hawafiki. Meneja akikuzuia, mwonyeshe kwa utulivu sheria ya Minnesota namba 211B.20: mgombea aliyewasilisha hati ya kiapo ana haki ya kuingia katika jengo la makazi kufanya kampeni, pamoja na wanaojitolea wake. Meneja anaweza kudai kitambulisho, kuweka saa za kuridhisha na kupunguza idadi yenu. Kuwazuia kabisa hawezi. Chapisha ukurasa wa sheria hiyo, uwe kwenye kila mfuko wa kampeni.

Midahalo mara nyingi huandaliwa na League of Women Voters ya eneo lenu, shirika la kiraia la kuelimisha wapiga kura. Majibu hupewa dakika moja au moja na nusu. Jizoeze na saa mkononi. Anza na jibu, maelezo yafuate, kwani tuliolelewa kuanza na salamu ndefu tunakatwa kabla ya kufika kwenye hoja. Kiti hakina chama kwenye karatasi, lakini vyama vya siasa na chama cha walimu huidhinisha wagombea wanaowataka, na dodoso zao huja mapema, nyingine kabla hata ya dirisha la fomu. Andikia mashirika hayo mwezi Machi.

Kuwafikisha watu kwenye kura

Kura za mapema huanza siku 46 kabla, yaani Septemba 18, 2026. Kwa jamii yenye wauguzi, wahudumu wa wazee na madereva wa zamu, hiyo ni zawadi. Usisubiri Jumanne ya Novemba. Mwajiri pia analazimika kumruhusu mfanyakazi muda wa kwenda kupiga kura siku hiyo bila kumkata mshahara.

Raia asiyejiandikisha anaweza kujiandikisha kituoni siku ile ile. Akikosa uthibitisho wa anwani, mpiga kura aliyejiandikisha katika eneo lile lile la kituo anaweza kumthibitisha, na mtu mmoja huruhusiwa kuthibitisha hadi watu wanane. Aliyethibitishwa kwa njia hii hawezi naye kumthibitisha mwingine. Aliyekwisha kujiandikisha, ambaye taarifa zake hazijabadilika, kwa kawaida haombwi kitambulisho.

Bibi asiyesoma Kiingereza ana haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka, mradi si mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Asiwe wewe. Ni busara mgombea asimsaidie mtu kuweka alama kwenye kura, hata mama yake mzazi. Panga mjukuu au jirani mapema. Siku ya uchaguzi, fulana, kadi na maneno ya kampeni vibaki nje ya futi 100 kutoka jengo la kupigia kura.

Baada ya Novemba 3

Ndani ya siku saba baada ya uchaguzi, peleka kwa karani uthibitisho kwamba ripoti zote za fedha zilizotakiwa zimewasilishwa. Bila huo, karani hawezi kumpa mshindi cheti chake, na aliyeshindwa anayepuuza kwa makusudi anakuwa na kosa vilevile. Ondoa mabango kabla siku kumi hazijaisha. Usifunge akaunti ya benki hadi hundi zote zipite, ndipo upeleke ripoti ya mwisho.

Ukishinda, muhula unaanza Jumatatu ya kwanza ya Januari, yaani Januari 4, 2027. Utapewa mafunzo ya fedha na uendeshaji wa shule kupitia chama cha bodi za shule za Minnesota ndani ya siku 180. Omba kuyapata mwezi wa kwanza. Kuwa makini na simu yako tangu siku hiyo: wajumbe wengi wa bodi wakijadili shughuli zake kwa WhatsApp au kwa barua pepe za kuzungushana, huo unaweza kuhesabiwa kuwa mkutano wa siri. Faini ya kukusudia ni hadi dola 300 kwa kila tukio, na matukio matatu yanakugharimu kiti. Ukitaka kumweleza mjumbe mwenzako jambo la bodi, mweleze yeye peke yake, usimwombe alipeleke kwa mwingine, na yaliyobaki yasemwe mezani, mbele ya wazazi.